Jiwe la Kaburini kwa Baba

Makoye alikuwa ameota mapembe. Miaka minane hakulitamka jina la mdogo wake, Selestine. Kisa? Selestine alikwenda Kongo kufanya kazi machimboni, baba yao akafa, naye hakuja kuzika. Makoye akamtumia salamu: "Asikanyage kwangu. Nikimwona, panga litamjibu."

Katika ukoo wao, mtu akirudi safari hupitia kwanza kaburini kwa baba, akaweka jiwe la huko alikotoka. Ndiyo hodi yao. Makoye alilijua kila jiwe pale na aliyeliweka. Basi mwaka 1954, alipoona jiwe geni, jeusi, zito ajabu, akasema ni mvua tu imelifukua. Mtu mzima ovyo!

Akalibeba mpaka Geita kwa wapima madini. Kidude chao cha kutafutia urani kikalia tik-tik-tik mpaka Wazungu wakasimama.

"Umelitoa wapi?"

"Kwangu, kilimani," akajibu, kifua mbele.

Kipande wakakipeleka Ulaya, kisha wakaja na sururu. Walichimba kilima chote, na kaburi la baba likaenda na udongo. Mkewe, Zipora, alilia sana. Makoye akamwambia anyamaze, neema iko njiani.

Miezi minne, hawakupata hata kokoto ya maana. Ndipo Pantaleo, karani wa wapimaji, akaja na barua.

"Shikamoo, Baba Esta."

"Marahaba. Sema."

"Ndani ya jiwe lile mna chembe za madini ya risasi. Kila chimbo lina risasi yenye mchanganyiko wake, na wataalamu wanautambua. Lile si la hapa, baba. Ni la Kongo. Nani alilileta?"

Makoye akaipokea barua. Nani mwingine! Gashinaga, kumbe Selestine alikuja. Alikuja kimya kimya, akampigia baba hodi, hatua arobaini tu kutoka mlangoni kwa kaka yake, kisha akaondoka kwa kuogopa panga. Na yeye, mpumbavu, akaichukua hodi ya ndugu yake akaenda kuiuza.

"Nirudishieni jiwe langu," akasema. "Nawaombeni."

"Halipo, Baba Esta. Vipande vyote walivisaga wakati wa kupima."

Pantaleo alipoondoka, Makoye alikaa ukingoni mwa shimo, akalia kwa sauti bila kuona haya. Zipora akaja, akasimama nyuma yake.

"Mama Esta," akamwuliza, "siku akirudi tena, atapiga hodi wapi?"

Zipora alilitazama lile shimo.