Maradhi ya Siku ya Mtihani

Mwalimu mkuu Sheikhan alibisha hodi kwa Mwanakuu, Kibokoni, kanzu imepigwa pasi mpaka yakata. Skuli yake ilikuwa ikishika mkia miaka nenda miaka rudi, na bwana wa elimu alishamwambia: mwaka huu ukishika mkia tena, utafute kazi nyingine.

"Bi Mwanakuu, kesho kutwa ni mtihani wa darasa la saba. Nana na awe mgonjwa."

"Mwanangu mzima, alhamdulillahi."

"Najua. Lakini asiyekuja hahesabiwi kuwa ameanguka. Wazazi wengine wamekubali."

Astaghfirullahi! Mtu mzima na ndevu zake anamtabiria mtoto wa watu maradhi! Na maradhi yenyewe yalikuwa na adabu ajabu: hayakumgusa hata mtoto mmoja mwenye viatu. Yalichagua wa muuza mahamri, wa mchukuzi, wa Kahindi anayepara samaki Liwatoni. Wale wale waliosomea kitabu kimoja kundi zima chini ya bati linalovuja, kisha wakaambiwa vichwa vyao vizito. Moyo ulimchemka Mwanakuu. Nana asipofanya mtihani ule, basi tena: atakaa na mamake mbele ya karai la mahamri mpaka aolewe.

"Haya mwalimu, nimesikia," akajibu. Hakusema amekubali.

Siku ya mtihani alimshika Nana mkono mpaka mlangoni mwa darasa. Sheikhan alimkodolea macho, lakini hakuweza kumrudisha, maana msimamizi mgeni wa mtihani alikuwa papo hapo. Ndani walikuwamo Taib, mwana wa mwenyekiti wa kamati ya skuli, na wenzake wachache, viatu vyang'ara.

Matokeo yalipotoka, wenye viatu wote chali. Nana peke yake ndiye aliyefaulu, tena vizuri.

Jioni, Sheikhan huyoo, aiokoe kazi yake kwa jina la Nana! Kanzu ile ile, na bwana wa elimu nyuma yake na kamera. "Bi Mwanakuu! Tuitie Nana apigwe picha na mwalimu wake. Huyu nilimshughulikia kwa mikono yangu!"

Nana alikuwa nyuma ya pazia, kanga mdomoni, kicheko kimemjaa.

"Mgonjwa," akasema Mwanakuu.

"Mgonjwa wa nini?" akauliza bwana wa elimu.

"Mimi sijui, bwana. Muulize mwalimu, ndiye aliyemchagulia maradhi. Na wenziwe wa darasa lile wauguzwa majumbani tangu siku ya mtihani. Hebu nenda ukawatazame."

Bwana wa elimu akaishusha kamera, akamgeukia Sheikhan. Mwanakuu akarudi kwa mahamri yake, yasije yakaungua.