Bado Kidogo

Asteria alimfunika kuku kwa kiganja.

"Soma sasa."

Noela alicheka. "Mwalimu, umemficha kuku!"

"Kuku hasomi. Soma wewe."

Mtoto akainamia kitabu cha silabi, akaweka kidole chini ya mstari na kusoma kwa mkupuo, bila kukatakata: "Kuku anataga." Kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akashuka mpaka kwenye maandishi madogo ya chini ya ukurasa, yale waliyoandikiwa walimu. "Mwongoze mtoto atamke kila silabi." Akainua uso. "Mwalimu, kumwongoza mtu ndiyo kufanyaje?"

"Ni kumshika mkono," alijibu Asteria, akafungua ukurasa mwingine haraka.

Darasa lao lilikuwa banda la bati nyuma ya kanisa, Katoro, karibu na barabara iendayo Ushirombo. Watoto wengine wa chekechea walikuwa wameshachukuliwa saa sita. Noela alibaki kila siku mpaka jioni, maana mama yake, Mbuke, alikuwa kibarua kwenye makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu, akichekecha unga wa mawe. Mwanzoni Asteria alikuwa anamshikia tu mtoto. Baadaye wakawa wanakula pamoja viazi vya mchana, halafu wanasoma, halafu Noela anamsimulia mwalimu habari za dunia nzima, kuanzia mbuzi wa jirani hadi meno ya padri.

Watoto wa chekechea hawasomi kitabu, wanakiimba. Mwalimu akigusa ubao kwa fimbo, banda zima linalipuka, "Ba, be, bi, bo, bu!", huku nusu yao macho yako darini wanatafuta mjusi. Mzazi akipita njiani anatabasamu, anajua mwanawe kawa msomi. Asteria hakudanganyika kwa nyimbo. Alikuwa na mitego yake: alifunika picha, alianzia mstari wa mwisho kupanda juu, aliandika neno lisilo na maana duniani, "pelumo" au "zikatu", aone kama mtoto atalisoma au atalikisia. Noela alikuwa ameiruka mitego yote tangu mvua za kwanza. Alisoma mpaka maneno ya nyuma ya bodaboda, mengine ambayo mtoto hakupaswa kuyajua. Kitabu kile hakikuwa na la kumfundisha tena, na kabatini vilingoja vingine viwili vya namna ileile.

Hata hivyo Asteria alikifungua kila mchana, ukurasa kwa ukurasa, taratibu kama mtu anayekula nyama ya mwisho. Ukweli ni kwamba alikuwa mpweke. Mumewe alifuata rashi, dhahabu mpya iliyosikika huko Chunya, akaahidi kurudi kabla mahindi hayajakomaa. Mahindi yamekomaa mara nyingi tangu siku hiyo. Mtoto hawakujaliwa. Na Katoro ni mji wa wapita njia: jirani uliyemwazima chumvi leo, kesho chumba chake kina mtu mwingine na redio nyingine. Ukiugua pale, anayekujulia hali ni mwenye nyumba, tena mwisho wa mwezi.

Jioni ile ya Jumatatu Mbuke alikuja mapema, amekuwa kijivu kuanzia nyusi hadi kandambili, na anakohoa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Noela. Mbona mapema? Kwema?"

"Kwema." Akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kidevuni. "Dada yangu ananiita Nyahanga, kule Kahama. Ana mgahawa, anataka mtu wa kumsaidia. Na kifua hiki, mwalimu, lile vumbi litakimaliza."

"Ni jambo jema," alisema Asteria.

"Jema, ila kuna huyu." Mbuke alimtazama binti yake aliyekuwa mlangoni, amekumbatia kitabu cha silabi. "Shule iliyo karibu na dada, awali imejaa, hawapokei tena. Mwalimu wa pale kaniambia, kama mtoto ameshavuka vitabu vya silabi, anasoma mwenyewe, Januari wanampokea la kwanza. Sasa mimi nitajuaje? Mimi niliishia la pili, nikapewa ng'ombe nichunge. Wewe ndiye unayejua. Amevuka?"

"Na kama hajavuka?"

Mbuke alijifuta uso kwa upindo wa khanga, akabakisha mstari mweusi kwenye ule ukijivu. "Nitakuomba nimwache kwako mwaka mmoja, amalize. Nitakuwa natuma chochote. Itaniuma, lakini sitaki aende kule akachekwe. Mimi nilichekwa, mwalimu. Najua kulivyo."

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa limesimama pale mlangoni kwa miguu miwili.

"Bado kidogo," alisema Asteria. "Sauti hazijakaa vizuri. Ukimrusha sasa, atayumba huko mbele."

Yalikuwa maneno ya mwalimu mwangalifu, na huenda mtoto mwingine angeyastahili. Mbuke aliitikia kwa kichwa polepole. Hakubisha, atabishaje? "Basi nitamwacha," alisema, na kikohozi kikampa pa kuficha macho yake.

Asteria alirudi nyumbani kwa furaha aliyoionea haya. Alipita dukani akanunua sahani ya plastiki yenye ua, ndogo, ya mtoto. Akasogeza kitanda ukutani ili pawe na nafasi ya godoro. Alijiambia kwamba mwaka mmoja si kitu, na kwamba mtoto angepata uangalizi. Alijiambia mengi.

Kesho yake, watoto wengine walipoondoka, alimletea Noela zawadi: kitabu cha hadithi ya fisi na sungura, chenye maneno marefu na picha chache. Noela alikitazama, akakisogeza kando. Alichukua kitabu cha silabi, akafungua ukurasa wa kwanza kabisa.

"Ba," alisema, kidole kimeganda chini ya herufi. "Be."

"Acha hicho. Soma hiki cha fisi."

"Siwezi."

"Jana ulisoma mpaka maneno ya walimu."

"Nilikuwa nakisia, mwalimu," alisema Noela kwa upole, kama mgonjwa anayemkumbusha daktari ugonjwa wake. "Sauti hazijakaa vizuri."

Asteria alidhani ni deko. Jioni walipokuwa wakimngoja Mbuke kando ya barabara, ilipita bodaboda yenye maandishi mekundu makubwa. Noela, aliyezoea kusoma kila lipitalo mpaka Asteria amwombe apumzike, alitazama pembeni.

"Imeandikwaje ile?"

"Sijui. Mimi bado."

Siku iliyofuata ikawa hivyo, na iliyofuata. Hakuwa anaigiza, na hilo ndilo lililomwumiza Asteria. Mtoto aliyelelewa na Mbuke habishani na mkubwa, sembuse mwalimu. Mwalimu akisema hujui, basi hujui, na kile kinachokuingia machoni hakiwezi kuwa maneno. Asubuhi Noela alianza kuimba na wenzake, macho darini. Ba, be, bi, bo, bu. Sauti yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Asteria haikufika hata Ijumaa.

Alhamisi saa sita alifunga banda, akamshika Noela mkono, wakaenda kwenye makarasha. Kelele zilianza kuwagonga kifuani kabla hawajaziona mashine. Mbuke alikuwa amepiga magoti kwenye turubai, kitambaa mdomoni, chekecheo mikononi, unga wa mawe umetandaa mbele yake laini kama wa muhogo.

"Mama Noela!" aliita Asteria. "Nimekuja kukwambia jambo!"

Mbuke alionyesha sikio, akatikisa kichwa. Asteria alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akasema yote, na mashine zikayameza yote. Wanawake wawili wa jirani waligeuka kumwangalia, wakarudi kazini. Angeweza kuondoka wakati ule. Angesema nilikwenda, nilijaribu, kelele zilizidi. Alifikiria sahani yake yenye ua.

Alichuchumaa, akausawazisha unga kwa kiganja, akaandika kwa kidole. Aliandika kwa herufi kubwa, pana, kama za ubaoni. Mbuke aliyatazama maandishi yale kama mtu anavyotazama nyayo za mbuzi, kisha akamtazama mwalimu, anangoja.

Asteria akamwonyesha Noela. Mtoto alirudi nyuma. Midomo yake ilisema: mimi bado.

Mwalimu akamvuta, akaweka mdomo kwenye sikio lake. "Nilikosea mimi, siyo wewe. Wewe unajua. Msomee mama."

Noela aliinama. Asteria alihisi kwamba hataweza tena, kwamba kitu alichokivunja hakitaungika. Kisha mtoto akamkumbatia mama yake shingoni na kumsomea sikioni, akinyoosha kidole kufuata mistari. Asteria hakusikia kitu. Aliona midomo tu, na alijua kila neno kwa umbo lake.

"Mwalimu alidanganya." Hapo Noela alisimama, akageuka kumwangalia. Asteria akakubali kwa kichwa. "Noela anajua kusoma. Nilitaka abaki na mimi."

Mbuke aliliweka chekecheo chini. Akaanza kusema, na akasema kwa muda mrefu, kitambaa kikipanda na kushuka mdomoni. Huenda yalikuwa matusi. Yangekuwa halali yake, na Asteria aliyapokea yote bila kuyasikia, ameinamisha kichwa.

Noela alikuja, akaweka mikono yake miwili kuzunguka sikio la mwalimu.

"Mama anasema tunaondoka Jumamosi."

Akarudi kwa mama yake, akasikiliza, akaja tena.

"Anasema uje kutusindikiza."

Asteria aliitikia kwa kichwa. Mbuke akayafuta maandishi kwa kiganja, taratibu, bila kupoteza hata chembe, kwa sababu unga ule haukuwa wake. Akashika ncha mbili za turubai ili aumimine kwenye beseni. Turubai lilikuwa zito, kazi ya watu wawili. Alingoja, bila kumtazama usoni, mpaka Asteria alipoinuka na kuzishika ncha nyingine mbili.