Kiwanja cha Syombua

Tangu mvua za Aprili zikatike, Syombua alikuwa akisafisha kiwanja chao karibu na soko la Tulia peke yake. Alifyeka miiba kwa panga na kung'oa mawe kwa mtaimbo. Jiwe moja kubwa alilichomea moto kutwa nzima, kisha akalimwagia maji ya kubeba kutoka mtoni mpaka likapasuka. Mgongo ulikuwa haunyooki tena.

Agosti mumewe, Ndululu, akaja likizo kutoka Mombasa. Alizunguka kiwanja, mikono nyuma.

"Mama Kavata, umefanya kazi. Lakini nyumba ikae kule juu, ionekane kutoka barabarani."

Kule juu kulikuwa na vichaka na mawe matupu. Syombua hakuwa na nguvu za kubishana. Alimpa mtaimbo, akaketi chini.

Kufikia saa sita viganja vya Ndululu vilijaa malengelenge, na jiwe la kwanza halijatikisika. Alishuka polepole, akaketi kando yake.

"Haya yote uliyatoa peke yako?"

"Na nani mwingine, Baba Kavata?"

"Basi tujenge hapa hapa."

Syombua alitaka kufurahi, ila usingizi ulimchukua pale alipoketi, hata kabla hajaitikia.