Mume Wangu Asisimame

Kanisa la mtaa wetu lina nyufa nyingi, lakini ni mmoja tu ulioingilia ndoa yangu. Uko kwenye ukuta wa kulia, nyuma ya sanamu ya Mtakatifu Antoni, na umepanda kutoka sakafuni mpaka dirishani. Mume wangu akikaa, ufa unajifunga. Akisimama, unafunguka.

Niseme mapema kwamba mume wangu ni mtu wa mwili. Mtaani wanamwita Kabati, naye anaitika. Alikuwa fundi cherehani, kazi ya kukaa, na tangu macho yalipomlazimisha kustaafu amekuwa akikaa bila kazi. Nyumbani tuna kochi la watu wawili. Kabati hulikalia lote, mimi nakaa kwenye kigoda. Sijawahi kumsikia akisema, "Njoo ukae hapa, mke wangu." Nami sikuwahi kudai, maana kabati huliambii lijikunje.

Mambo yalianza Jumapili moja, alipokuja Injinia wa Idara ya Majengo ya Kale kukagua kama kanisa litabaki au litavunjwa. Alisimama nyuma ya Mtakatifu Antoni, kidole ndani ya ufa, akisubiri Misa iishe. Wakati wa Injili tukasimama wote. Ufa ukapanuka, kidole kikazama. Tukakaa. Injinia akapiga yowe ambalo kwaya yetu haijawahi kulifikia.

Padri, kijana ambaye angefanya lolote kuokoa kanisa lile, akaacha mahubiri na kutusimamisha na kutukalisha benchi kwa benchi kama mwalimu wa mazoezi. Hakuna kilichotokea mpaka tulipofika benchi la tatu, upande wa kulia. Hapo akaanza mtu mmoja mmoja. Mimi nilisimama, nikakaa, wala vumbi halikudondoka. Kabati akasimama, ukuta ukaguna.

Injinia akatueleza kwamba sakafu ile ni ya mbao na chini yake ni pango tupu. Boriti moja imelala juu ya jiwe kama ubao wa watoto wa kupanda na kushuka. Ncha moja iko chini ya benchi letu, nyingine imeubeba ukuta. Mzito akikaa huku, ukuta unainuliwa kule. Nikaona hilo jambo ni jepesi.

"Basi wekeni mifuko ya saruji," nikasema.

"Haiwezekani, Mama. Hili ni jengo la kihistoria. Kitu kipya hakiruhusiwi kubeba ukuta."

"Na mume wangu?"

Injinia alimtazama Kabati kuanzia kipara mpaka viatu, akapapasa hata koti lake. "Huyu anaendana na jengo," akasema.

Ufa ungezibwa kwa chokaa ya asili, iliyolowekwa kwenye mapipa nyuma ya sakristia mpaka ikomae. Nilipouliza itakomaa lini, nikaambiwa chokaa haiharakishwi. Mpaka hapo, mume wangu asisimame. Padri akapanda mimbari na kutukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ni nzuri, lakini haijasema ufa uzibwe kwa mume wa nani.

Basi Kabati akahamia kanisani. Alipewa ruhusa ya kutosimama na kutopiga magoti, na komunyo ikawa inamfuata alipo. Injinia akamchorea alama ya chaki kwenye benchi, na usiku alitakiwa kulala tumbo likiwa juu ya alama. Akienda msalani, wanakwaya wote wa besi walikimbia kuja kukaa mahali pake wakiwa wameshikana mikono, na wasingeweza kumshikia muda mrefu kwa sababu nao wana kazi zao. Akawa yumo kwenye picha za harusi zote. Akawafariji wafiwa asiowajua. Watu wakaanza kumtubia dhambi zao kwa sababu Padri hapatikani siku za kazi, na Kabati hana pa kwenda.

Siku moja nilikuta bibi mmoja amemwashia mshumaa. Nikaupuliza. Mtu ambaye soksi zake nafua mimi hawezi kuwa mtakatifu bila mimi kuulizwa.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni chakula. Daktari alishamwambia Kabati apunguze mwili, kwamba moyo wake unabeba mzigo wa watu wawili. Wifi yangu, dada yake Kabati, ndiye mwenyekiti wa akina mama wa parokia, na alipanga zamu za kumlisha. Wali, viazi, mayai, chai ya maziwa. Nikileta mboga za majani na tango, nakuta mtu ameshazipeleka kwa sungura wa katekista.

"Wifi, mnamuua," nikamwambia.

"Wifi yangu, kaka akikonda kanisa limekwenda."

"Daktari amesema—"

"Yule daktari si wa parokia yetu."

Nilikwenda kwa Padri. Aliniita mama, akaniletea kiti, akaniambia kwamba mume wangu ni baraka. Nikamwambia baraka ile nyumbani kwangu ilikuwa na jina na upande wake wa kitanda. Akaniombea.

Nilipoona miguu ya Kabati imevimba mpaka viatu haviingii, nikasema sasa basi. Sikuwa na chuki na kanisa. Nilibatizwa pale, nikaolewa pale, na watoto wangu walipigwa kofi na mzee wa kanisa yule yule kwa kucheka Misani. Lakini nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa nakuwa mkali. Nikachukua kandambili zake kubwa, nikaenda kumtoa.

Kanisani alikuwapo Injinia tu, ananusa chokaa yake kwenye kikombe. Nikapiga magoti mbele ya mume wangu, nikamvika kandambili.

"Inuka twende nyumbani."

"Na ukuta?"

"Uanguke. Mungu hawezi kutegemea makalio ya mume wangu."

Injinia akaangusha kikombe. Kabati hakuinuka. Aliitazama mikono yake, ile mikubwa iliyokuwa inapitisha uzi kwenye sindano kwa jaribio moja, akasema polepole, "Mke wangu, nyumbani huwa nashikilia nini?"

Swali hilo lilinichoma. Sikuwa nimefikiri hata siku moja kwamba mtu anayejaza kochi zima anaweza kujiona hayupo. Nilitaka kumwambia unanishikilia mimi, mjinga wewe. Badala yake nikajitupa kwenye benchi pembeni yake, kwenye kipande kilichobaki, nusu yangu ikiwa hewani, nikalia kwa hasira.

Nyuma ya Mtakatifu Antoni kukasikika mlio mfupi, kama mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu.

Injinia alikimbilia ukutani. Aliupapasa ufa juu na chini, kisha akageuka, macho yamemtoka. Kumbe siku zote alizokaa Kabati peke yake ulikuwa unabaki uwazi mwembamba kama unywele, na alikuwa hajamwambia mtu.

"Mama, usiinuke!"

Nikainuka kidogo, makusudi. Injinia akaona uwazi umerudi, akashika kichwa. Nikakaa.

"Siku ile ya kwanza mbona hakuna kitu?" nikauliza.

"Siku ile uliinuka peke yako, yeye amekaa. Uwazi wa unywele mmoja nani angeuona? Lakini nyinyi wawili pamoja ndio uzito wenyewe."

"Sasa akipungua huyu?"

Injinia akafikiri, akapiga hesabu hewani. "Akipungua yeye, uongezeke wewe. Ilimradi jumla ya benchi ibaki hii hii."

Nilimtazama Kabati, Kabati akanitazama. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tuoane. Akasogea. Benchi likalia, akasogea tena, mpaka nusu yangu iliyokuwa hewani ikapata pa kukaa. Pale alipotoka palikuwa na joto.

"Kaa vizuri, mke wangu," akasema.

Wifi akaingia na sahani ya wali iliyorundikwa, mayai juu, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake. Nikaidaka njiani. Kutoka kwenye mkoba nikatoa tango, nikampa Kabati.

"Wifi, unafanya nini?" akapiga kelele.

"Natunza kanisa," nikasema, nikaanza kula.