Utani Kando

Tuelewane mapema, mtu asije akamwonea huruma bure: Jabiri alikuwa na kijicho. Alikuwa seremala pale Kabuku, banda lake linatazama barabara kuu, na mbele ya banda hilo hilo wateja walipita wakienda banda la pili, kwa Yordani. Milango ya Yordani ilifunga. Ya Jabiri nayo ilifunga, kiangazi. Masika ukitaka kuingia ndani upige teke. Mtu akiulizia fundi, Kabuku nzima inanyoosha kidole kwa Yordani, na Jabiri anatabasamu kwa meno tu.

Na walikuwa watani. Jabiri Mzigua wa hapo hapo, Yordani mjukuu wa Mnyamwezi aliyeletwa kukata mkonge, na Mzigua na Mnyamwezi wanatukanana tangu enzi za mababu bila mtu kununa. Baba yake Yordani alipofariki, Jabiri alishuka kaburini akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Ila utani una kufuli moja. Mtani akitaka kusema neno la kweli, hutanguliza "utani kando." Ukiyasikia hayo unaacha kucheka, na ukiulizwa kwa maneno hayo ni mwiko kujibu uongo.

Basi Yordani akarudi kutoka Mombo na mashine ya kunolea, mtumba, kainunua kwenye gereji iliyokuwa inafungwa. Mota katikati, jiwe huku na jiwe kule. Miaka yote alinoa patasi na visu vya randa kwa mkono, juu ya jiwe bapa lililokwisha bonyea katikati kama kitanda cha kamba. Leo alikuwa anacheka peke yake. Mkewe, Upendo, akaleta chai. Wapita njia wakajaa. Hata dereva wa bodaboda akazima pikipiki.

"Mtani, njoo," Yordani akaita. "Baba yako alikuwa karakana ya mkonge. Nifungie kitu hiki kabla sijakiharibu."

Jabiri akaja. Kazi aliijua, hilo tusimnyime. Akatoboa meza ya mninga, akaikaza mashine kwa boliti mpaka haitikisiki. Akafungua nati, pamoja na ile ya kushoto inayofunguka kinyume, ambayo Yordani alikuwa ameshaanza kuivunja. Akayatoa mawe ayafute vumbi. La kwanza akalitundika kidoleni kwa tundu lake, akaligonga kwa mpini wa patasi. Likalia ngiii, safi kabisa. La pili akaligonga. Pu.

Akaligonga tena. Pu. Jiwe zima hulia. Lisilolia lina ufa ndani, na likizungushwa kwa umeme linaruka vipande. Baba yake alimfundisha hivyo, akamwonyesha na ukuta wa karakana ulivyotobolewa. Pale bandani hakuna mwingine aliyejua.

"Linasemaje?" Upendo akauliza, maana alimwona anasikiliza.

Hapo, jamani, hapo ndipo mtu hujulikana. Maneno mawili tu! Jabiri aliyahisi kwenye ncha ya ulimi, utani kando, yako tayari kutoka. Akaitazama milango mipya iliyoegemezwa ukutani kwa Yordani, imenyooka yote. Akayameza.

"Linasema limekufa!" akapaza sauti, kila mtu asikie. "We Mnyamwezi, hili litakutoa jicho! Nitakuja kula pilau kwenye matanga yako, na safari hii jogoo sitaki, nataka mbuzi!"

Watu wakaangua kicheko. Yordani akajipiga paja. "Mzigua mchawi huyo! Funga, bwana, acha kuiroga mashine yangu!"

Jabiri akafunga. Kwa mikono yake mwenyewe, na nati akazikaza vizuri. Moyoni akajisemea: nimemwambia, mbele ya mashahidi, asiposikia shauri yake. Lo! Binadamu anajishtaki, anajitetea, anajiachia huru, na chai haijapoa. Kava za kukinga mawe zilikwisha potea huko gereji, naye hakuziulizia. Akasogea nyuma ya nguzo.

"Shemeji, njoo huku," akamwambia Upendo. "Cheche zitakuchomea kanga."

Yordani akabonyeza swichi. Mashine ikavuma, ikashika kasi. Akainama, akagusisha patasi. Ukasikika mshindo mmoja. Patasi ikaanguka, na Yordani akawa amekaa sakafuni kashika uso kwa mikono miwili, damu inapita kati ya vidole, anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona sioni?"

Hospitalini Korogwe jicho moja walilisafisha, la pili wakalitoa. Jabiri alikwenda kumwona, kavaa kanzu safi, na machungwa mkononi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameshasimuliwa.

"Ndiye huyu!" Yordani akasema, akamshika mkono. "Aliniambia mbele za watu, nikadhani ananitania. Mtani, nichekeshe, humu ndani nimechoka."

Jabiri akapumua. Kumbe mambo ni mepesi hivi! "Nikupe pole ya nini?" akasema. "Umepunguziwa kazi. Fundi akitazama kama ubao umenyooka lazima afumbe jicho moja. Wewe umeshafumbiwa!"

Wodi ikacheka. Yordani akacheka kuliko wote, ameishika bandeji kwa maumivu. Upendo hakucheka. Akaliweka chini bakuli la uji.

"Utani kando, shemeji," akasema. "Mimi uliniambia nisogee, mume wangu hukumwambia. Ulipoligonga lile jiwe, ulijua?"

Yordani bado alikuwa amemshika mkono, anatabasamu, anangoja mtani wake aseme hapana. Jabiri akalitazama lile jicho lililobaki, akayatazama machungwa.

"Ah, shemeji," akasema, "Mzigua na mashine wapi na wapi? Sisi watu wa mahindi."

Hakuna aliyecheka. Yordani akauachia mkono. Akageuka taratibu kuelekea ukutani, na Jabiri akabaki amesimama na machungwa yake, anatazama fundo la bandeji kisogoni kwa mwenzake.