Ukuta wa Plaiwudi

Seremala alikuwa ameujenga mtaa mzima juu ya meza ya karakana yake. Nyumba sitini za mbao, kila moja kama kiberiti, maduka, zahanati, na vijia vya miguu vya karatasi ya msasa aliyoibandika. Kaka yake, aliyekuwa muuzaji wa nyumba za mtaa huo uliokuwa bado haujajengwa, ndiye aliyempa kazi ya kutengeneza mfano ule wa kuwaonyesha wanunuzi.

Kabla hawajanunua na wao, seremala alimleta mkewe, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena kabisa. Akamshika kidole, akakiweka juu ya nyumba moja.

"Huu mlango wetu. Haya, tembea."

Kidole kikafuata msasa mpaka zahanati.

"Hatua mia mbili tu, shemeji," kaka alisema. "Nimezihesabu mwenyewe kule kiwanjani."

Mke akacheka. "Kumbe nitakwenda peke yangu, bila kuvutwa kama mbuzi!"

Basi wakaiacha nyumba yenye ua mpana waliyokuwa wakifikiria kuinunua kule nje ya mji, ambako hata chumvi inafuatwa kwa gari, wakatia sahihi ya kununua katika mtaa huu.

Leo kaka alirudi na mchoro mpya.

"Mdogo wangu, kazi ndogo. Ng'oa maduka na zahanati, weka maegesho. Hapa, ukuta."

"Zahanati inahamia wapi?"

"Haijengwi. Kila mtu anasema anapenda kutembea, lakini akishika kalamu anauliza gari lake litalala wapi."

"Mimi sina gari."

"Utapata. Acha ugumu, wewe si gogo."

Seremala akaukunjua mchoro atafute vipimo. Chini pembeni akaona tarehe. Ilikuwa wiki mbili kabla ya wao kutia sahihi.

"Ulijua."

"Ningekwambia, ungenunua?"

Seremala alikata kipande cha plaiwudi kwa kipimo kilichoandikwa, akakipaka gundi, akakisimamisha katikati ya kijia cha kwenda zahanati. Kisha akaita kuelekea ndani.

"Mke wangu! Njoo, shemeji yako amekuja."

"Usifanye hivyo, bwana," kaka alinong'ona.

Mke akaja anapapasa ukingo wa meza, uso umechangamka. Aliupata mlango wao bila kusaidiwa. Kidole kikashika msasa, kikaenda, kikagonga. Akakinusa kidole, gundi ilikuwa mbichi.

"Hiki nini?"

Kaka alikuwa anatafuta funguo mfukoni.

"Mjibu," seremala alisema. "Wewe ndiye uliyemhesabia hatua."