Sufuria Iliyokosa Adabu

Saa sita na robo mchana, bibi akiwa anakoroga mchuzi, sufuria ilisema, "Kuna karanga humu." Ilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. Bibi akaongeza sauti ya redio.

Mjukuu wake ana miaka sita na karanga haimfai hata chembe: midomo humvimba, koo humbana, pumzi humkata. Mama yake hufua mashuka ya hoteli kuanzia alfajiri na hana mwingine wa kumwachia mtoto. Alishaeleza mpaka akachoka, lakini bibi naye ana yake. "Namzoesha kidogo kidogo," husema. "Baba yake si nilimlea kwa karanga hizi hizi? Kudeka tu huko."

Siku hiyo mtoto alikula vijiko vitatu. Jirani ndiye aliyembeba mbio hadi zahanati, akadungwa sindano, pumzi ikarudi. Mama alifika na povu la sabuni bado viwikoni. Daktari, macho mekundu kwa uchovu, alimwambia huyo alikuwa wa nne wiki hiyo: mmoja mayai, mmoja maziwa, mmoja samaki.

"Yule wa samaki hatukumuwahi," alisema.

Akauliza mtoto alikula nini. Mama akaenda nyumbani kuleta sufuria, nayo ikaeleza yote, tangu kijiko cha kwanza mwezi uliopita. Daktari akaandika, akauliza tarehe, akaandika tena.

Jumapili ukoo ulikaa kikao, sufuria ikawekwa mezani. Ikarudia yale yale, haikuzidisha wala kupunguza. Shangazi akasonya. "Mtu mzima anasemwa hivi, tena na chombo alichokinunua mwenyewe?"

Baba wa mtoto aliangalia viatu vyake. "Mama hana nia mbaya," akasema. Jamani, nani kasema ana nia mbaya?

Wakaamua kuwa sufuria imekosa adabu. Mama wa mtoto ndiye aliyemwomba bibi radhi kwa niaba ya sufuria. Bibi akalia kidogo, akasamehe.

"Na mtoto je?" mama akauliza.

"Si kapona? Unataka nini tena?" shangazi akadakia.

Mama akainuka. Alikuwa amechoka hadi mifupani.

Jirani ndiye aliyepewa sufuria ile, na wanaelewana vizuri. Jumatatu mama alimfunika mwanawe shuka, akamtazama akipumua, akaenda kazini. Saa sita mchana bibi alibandika sufuria mpya, inayong'aa, isiyosema kitu.